Kanisa la Kijiji, Kimbilio la Wanyonge: Toka Ufaransa ya Kale hata Bagamoyo

Tukisema habari za makanisa ya zamani, wengi wetu hufikiri mara moja juu ya makanisa makubwa: Mtakatifu Petro wa Roma, au Notre-Dame ya Paris. Leo hatuendi huko. Twataka kutazama kanisa dogo, kanisa la kijiji, lile ambalo mkulima huliona akiwa shambani, na kengele yake humwambia saa ya kusali Malaika wa Bwana. Tutaanza katika vijiji vya Ufaransa, yapata miaka elfu moja iliyopita. Toka huko tutashuka mpaka pwani ya Afrika ya Mashariki, katika mji wa Bagamoyo, ambako mapadri Wafaransa walijenga kanisa mwaka wa 1872 kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani. Na mwisho tutarudi kwetu Kisangani, kwa maana njia ya Bagamoyo ilifika mpaka mto wetu.

Kwa nini tuunganishe mambo yaliyo mbali hivi? Kwa sababu ya swali moja ambalo kila parokia yapaswa kujiuliza: kanisa hujengwa kwa ajili ya nani? Habari za kale zatupa jibu, na jibu lenyewe latudai kitu.

Kuta nene na matao ya mviringo

Baada ya mwaka 1000, watu wa Ufaransa walianza kujenga makanisa ya mawe karibu katika kila kijiji. Kabla ya hapo makanisa mengi ya mashambani yalikuwa ya mbao, nayo yaliungua upesi wakati wa vita au kwa mshumaa ulioanguka. Makanisa haya mapya ya mawe twayaita leo ya mtindo wa Kirumi, kwa sababu matao yake ya mviringo yafanana na yale ya Warumi wa kale. Wajenzi wenyewe hawakulijua jina hilo. Lilitungwa na mtaalamu mmoja wa Normandie, Charles de Gerville, mwaka wa 1818.

Fundi mwashi wa kwetu aliyekwisha kujenga tao la matofali atafahamu kazi yao upesi. Kwanza seremala alitengeneza kiunzi cha mbao chenye umbo la nusu duara. Waashi wakapanga mawe juu yake, wakianza pande zote mbili na kupanda polepole, mpaka wakaingiza jiwe la mwisho, lile la juu katikati. Jiwe hilo likikaa, mawe mengine yote yabanana, na kiunzi chaweza kuondolewa. Hata dari ya kanisa ilijengwa hivyo, kama tao moja refu sana. Lakini mawe ni mazito, na uzito wake husukuma kuta kwenda nje. Ndiyo sababu kuta zilifanywa nene, mara nyingi zaidi ya metre moja, na madirisha yakawa madogo na machache. Basi ndani mna kiza kidogo na ubaridi, na sauti ya mwimbaji mmoja yajaza nyumba nzima.

Altare ilielekea mashariki, upande jua lichomozako, ishara ya Kristu mfufuka. Karibu na mlango palikuwa na birika la Ubatizo. Makaburi yalizunguka kanisa, hata mtu aendaye Misa alipita kwanza kati ya babu zake. Na kwa sababu wengi hawakujua kusoma, kuta zilisomwa badala ya vitabu. Katika kijiji cha Vic, nchi ya Berry, kanisa dogo la Mtakatifu Martino limejaa picha za karne ya 12: Yezu aingia Yeruzalemu, awaosha mitume miguu, Yuda ambusu. Picha hizo zilikuwa zimefunikwa kwa chokaa muda mrefu, mpaka paroko wa kijiji alipozigundua mwaka wa 1849.

Gharama zilitoka wapi? Tangu mwaka wa 779, mfalme Karoli Mkuu aliwalazimisha Wakristu wote kutoa zaka. Na katika parokia nyingi ilikuwa desturi hii: sehemu ya altare ilitunzwa na yule apokeaye zaka, na sehemu ya waamini ilitunzwa na waamini wenyewe. Paa likivuja juu ya vichwa vyao, wao ndio walioezeka. Tusidhani, basi, ya kwamba Wakristu wa Ulaya walipewa makanisa yao bure na mtu wa mbali. Waliyabeba mabegani.

Hatua thelathini za amani

Lakini watu waliokusanyika ndani ya kuta hizo walikuwa nani? Wengi hawakuwa watu huru kamili. Walikuwa wamefungwa katika ardhi ya bwana wao. Hawakuweza kuhama bila ruhusa, wala kuoa au kuolewa nje ya ardhi hiyo bila kulipa, na mali zao zilirudi kwa bwana walipokufa bila watoto. Tena wakuu wenyewe walipigana daima, ngome kwa ngome. Askari wa farasi wakipita, mkulima alipoteza ng'ombe, punda na nafaka, na mara nyingi maisha yake.

Hapo maaskofu walisimama. Mwaka wa 989, katika mtaguso wa Charroux, karibu na Poitiers, waliwatenga na Kanisa wote watakaovunja makanisa kwa nguvu, na wote watakaomnyang'anya mkulima au maskini mnyama wake. Mwaka wa 1027, katika mtaguso wa Toulouges, kusini kabisa mwa Ufaransa, walikataza vita toka Jumamosi alasiri hata Jumatatu asubuhi, ili kila mtu aweze kuitimiza Dominika bila hofu. Amri hiyo iliitwa Mapatano ya Mungu.

Katika nchi hiyo ya Roussillon na jirani yake Katalunya, walipima hatua 30 kuzunguka kila kanisa. Ndani ya hatua hizo hakuna aliyeruhusiwa kumkamata mtu wala kunyang'anya kitu. Watu walifanya nini? Walileta nafaka zao humo. Halafu wakajenga maghala, halafu nyumba ndogo, zikibanana na ukuta wa kanisa. Vijiji vingi vya huko vilizaliwa hivyo, toka duara la hatua 30. Kwa hiyo ukuta mnene haukuwa kazi ya waashi tu. Mjane mwenye gunia la ngano aliuegemea.

Yafaa tuseme ukweli wote. Viapo vya amani vilivunjwa mara nyingi. Na monasteri na maaskofu wenyewe walikuwa na watu waliofungwa katika mashamba yao, kama mabwana wengine. Mwaka wa 1315, mfalme Ludoviko wa Kumi alitangaza ya kwamba watu wa ardhi zake waweza kuwa huru, lakini kwa kulipa. Na masalio ya kifungo hicho yalidumu katika sehemu fulani mpaka mapinduzi ya mwaka 1789. Kanisa la kijiji lilikuwa kimbilio, lakini halikukata minyororo yote. Tulikumbuke jambo hili tutakapofika Bagamoyo.

Wana wa vijiji hivyo wafika pwani

Desemba 1860, Padri Armand Fava wa kisiwa cha Réunion alifika Unguja pamoja na mapadri wawili na masista sita. Mwaka wa 1863 kazi ilipokelewa na Shirika la Roho Mtakatifu, na mkubwa wao alikuwa Padri Antoine Horner, mtu wa Alsace, nchi ambayo hata leo ina makanisa mengi ya matao ya mviringo, kama yale ya Rosheim na Marmoutier.

Unguja ya siku zile palikuwa na soko la watumwa. Watu walitolewa bara, wakafungwa shingoni, wakapandishwa katika majahazi, na kuuzwa pale mbele ya macho ya wote. Mapadri walikwenda sokoni na kununua, hasa watoto, kwa kadiri fedha zao zilivyotosha. Wengine walikabidhiwa na manowari za Waingereza zilizokamata majahazi ya watumwa baharini.

Na fedha zilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka kwa watoto wa Ulaya. Mwaka wa 1843, Askofu Forbin-Janson wa Ufaransa alianzisha Shirika la Utoto Mtakatifu: kila mtoto Mkristu atoe senti moja kwa mwezi na kusali sala fupi kila siku kwa ajili ya watoto wa nchi za mbali. Senti hizo zilikusanywa katika parokia, na nyingi za hizo ni parokia za vijiji tulivyosimulia. Hivi mtoto mchunga kondoo wa Ufaransa alisaidia kumfungua mtoto wa Maniema asiyemjua jina wala uso.

Wako waliouliza: je, anayenunua mtumwa, hata kwa nia njema, hampi mfanya biashara faida ya kwenda kukamata mwingine? Swali hilo lina haki. Mapadri hawakuwa na nguvu ya kulifunga soko. Mbele yao alisimama mtoto mmoja, na walichagua kumtoa yule.

Mwaka wa 1868, kwa ruhusa ya Sultani Majid, Horner na wenzake walivuka bahari wakaanza misioni Bagamoyo, mahali ambapo misafara mingi ya bara ilifikia. Walisimamisha msalaba, wakapanda minazi na mibuyu. Mbuyu mmoja wa mwaka huo ungali umesimama. Watu husimulia ya kwamba jina la mji ni bwaga moyo: mpagazi alibwaga mzigo na kuupumzisha moyo wake, lakini mtumwa aliuacha moyo wake pale, kwa kuwa mbele yake ilikuwa bahari tu.

Kanisa la mwaka 1872

Kazi haikuwa nyepesi. Mwaka wa 1869 na 1870 kipindupindu kiliua watu wengi mno katika Unguja na pwani. Tena tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa iliyavunja majengo ya misioni. Mapadri, mabruda na watu waliokombolewa wakaanza upya, na mwaka ule ule kanisa likasimama. Lilikuwa jengo la kiasi, lenye mnara, kama kanisa la kijiji. Mnara huo ungaliko.

Kando yake kilikua kijiji cha watu waliokombolewa, Kijiji cha Uhuru. Wavulana walijifunza useremala, uashi, uhunzi na kilimo. Wasichana walifundishwa na masista. Walipofikia umri, walioana mbele ya altare ile, wakapewa nyumba na kipande cha shamba. Ni neno dogo kulitamka, lakini tulipime. Mtu aliyeuzwa kama mbuzi, asiyejua tena baba yake yuko wapi, alisimama kanisani, akaulizwa kama ataka au hataki kumwoa huyu, na jibu lake likaandikwa katika kitabu cha parokia. Mfanya biashara ya watumwa hakumtambua kuwa ni mume wala baba. Kitabu cha ndoa kilimtambua.

Hata hivyo, hatutaki kuwaficha wasomaji upande wa pili. Uhuru wa kijiji kile ulikuwa na mipaka. Kengele iliamuru saa ya kuamka, ya kusali, ya kufanya kazi na ya kulala. Watu walipaswa kulima mashamba ya misioni siku nyingi za juma. Mapadri waliwahesabu kama watoto wa kulelewa, na walipokuwa watu wazima hawakufurahi daima kulelewa. Wako walionung'unika, na wako waliotoroka wakaenda kujitafutia maisha penginepo. Wamisionari waliliandika jambo hilo kwa huzuni, kana kwamba ni utovu wa shukrani. Sisi tunaosoma leo twaweza kuona jambo jingine: mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba yeye ni mwana wa Mungu huanza kutaka kuishi kama mwana, si kama mtumishi. Mafundisho ya kanisa lile yalikwenda mbele kuliko sheria za kijiji chake, kama ilivyokuwa katika Ufaransa ya kale.

Wala tusiwasahau waliobaki wakajenga. Mwaka wa 1877, misioni ya Mhonda ilipofunguliwa huko bara, familia za Bagamoyo zilikwenda pamoja na mapadri. Hao walikuwa Wakristu wa kwanza ambao wenyeji wa huko waliwaona: watu weusi kama wao, wakisali Kiswahili, mume mmoja na mke mmoja. Sisi makatekista twapaswa kuwaita babu zetu katika kazi hii.

Maiti iliyolala kanisani usiku mmoja

Mwaka wa 1871 Daktari David Livingstone, Mprotestanti wa Scotland, alikuwa Nyangwe, katika Maniema, kwenye ukingo wa Lualaba, mto ule ule upitao hapa kwetu Kisangani. Tarehe 15 Julai, siku ya soko, aliona watu wa wafanya biashara wakiwapiga risasi wanawake waliokuja kuuza. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni. Aliyaandika aliyoyaona, na Stanley aliyapeleka maandishi yake Ulaya. Habari hizo ziliongeza ghadhabu ya watu, na Juni 1873 Sultani Barghash, akilazimishwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la Unguja.

Livingstone hakuishi kuona siku hiyo. Alikufa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Wenziwe Waafrika, Susi, Chuma na wengineo, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaikausha maiti, wakaibeba mpaka pwani. Safari yao ilichukua miezi karibu tisa. Chuma mwenyewe alikuwa mtu aliyefunguliwa katika msafara wa watumwa mwaka wa 1861. Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, naye alikuwa mtumwa wa zamani.

Tarehe 24 Februari 1874 walifika Bagamoyo, na maiti ikalazwa katika kanisa la misioni. Siku zile Wakatoliki na Waprotestanti hawakupatana, na katika nchi nyingi hawakuingia hata katika nyumba za sala za wenzao. Lakini mapadri Wafaransa walifungua mlango. Kesho yake maiti ikachukuliwa na meli ya Waingereza, na mwezi wa Aprili ikazikwa London, katika kanisa la Westminster. Waliombeba waliachwa pwani na mshahara wao. Jacob Wainwright peke yake alifuatana na maiti hadi Uingereza. Tukisimulia habari hii, tuwataje wabebaji kwanza.

Wakati wa vita

Mwaka wa 1888 Wadachi walikuja kuitwaa pwani, na watu wa pwani wakainuka wakiongozwa na Abushiri bin Salim. Bagamoyo ikapigwa mizinga, nyumba zikachomwa, watu wakakimbia. Walikimbilia wapi? Katika misioni. Kwa maelfu waliingia katika shamba la mapadri, Waislamu na Wakristu na wasio na dini yo yote, na Abushiri mwenyewe aliiheshimu misioni ile, haikuguswa. Mapadri walikwenda huku na huku kusemezana na pande zote mbili. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Vita ikaisha, na wale waliosalimika wakarudi kujenga vibanda vyao.

Hapa ndipo Charroux na Bagamoyo zinapokutana. Karibu miaka 900 iko kati yao, lakini jambo ni moja: kulikuwa na mahali ambapo mwenye silaha alisimama nje, na asiye na silaha alilala usingizi. Halikuwekwa na nguvu ya kuta. Kuta za kanisa lile hazingeweza kuzuia mzinga hata mmoja. Liliwekwa na miaka 20 ya watu kuona ya kwamba mlango ule haumfukuzi mtu.

Njia ya Bagamoyo na mto wetu

Sasa turudi nyumbani. Njia iliyoishia Bagamoyo ilianzia wapi? Ilianzia kwetu pia. Toka Kasongo na Nyangwe watu na pembe za ndovu zilipelekwa Ujiji, toka Ujiji mpaka Tabora, na toka Tabora mpaka pwani. Toka ziwani mpaka baharini peke yake ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Stanley aliondoka Bagamoyo Novemba 1874, na Januari 1877 alipita maporomoko ya hapa. Nyuma yake walifuata watu wa Tippu Tip, ambaye mwaka wa 1887 alifanywa liwali wa Stanley Falls. Wengi wa vijiji vyetu walikamatwa siku hizo. Na lugha hii tunayosali nayo katika Kabondo, Kiswahili, ilipanda njia hiyo hiyo pamoja na misafara.

Lakini Injili nayo ilipanda njia hiyo. Juni 1878, msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie uliondoka Bagamoyo. Kule Tabora uligawanyika: wengine wakaenda Uganda, wengine Ujiji. Mwaka wa 1880 hao wa Ujiji walivuka Ziwa Tanganika mpaka Masanze, na mwaka wa 1885 walipokea Mpala. Hivyo mashariki ya Kongo ilisikia Habari Njema kwa watu waliolala usiku wao wa mwisho wa pwani Bagamoyo. Kwetu hapa Kisangani imani ilikuja kwa upande mwingine, kwa mto toka magharibi, mwaka wa 1897, pamoja na Padri Gabriel Grison, Mfaransa wa Meuse, wa Shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu, aliyeanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Lakini Kiswahili alikikuta kimekwisha kufika. Lugha iliyokuja na minyororo ikafanywa lugha ya Baba Yetu.

Kulikuwa na mtu wa Bagamoyo aliyeipenda lugha hiyo kuliko wote. Padri Charles Sacleux alifika huko mwaka wa 1879, akasikiliza watu wa pwani kwa miaka mingi, akaandika kila neno alilolisikia pamoja na mahali lisemwapo. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka Paris mwaka wa 1939, naye akiwa mzee sana.

Kanisa dogo la 1872 lilipowaelemea Wakristu kwa wingi wao, kanisa kubwa zaidi lilijengwa toka mwaka 1910 hadi 1914. Nyumba ya zamani ya masista imekuwa makumbusho, ambamo minyororo ya watumwa yaonekana. Na mwaka wa 2018, Wakatoliki wa Tanzania walikusanyika Bagamoyo kushukuru kwa miaka 150 ya imani.

Na hatua zetu thelathini?

Ndugu wasomaji, habari hizi si za kutufurahisha tu. Mji wetu umejua siku ambazo mtu hutafuta ukuta wa kuegemea. Twakumbuka mwaka wa 1964, wakati mapadri, masista na waamini wengi walipouawa katika nchi hii ya kaskazini-mashariki, miongoni mwao Mwenye Heri Anuarite. Twakumbuka Juni 2000, siku sita ambazo majeshi mawili ya kigeni yalipigana ndani ya Kisangani, na mamia ya raia wakafa. Na tangu mwaka wa 2023, ugomvi wa ardhi kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola umewafukuza watu kwa maelfu toka makwao, hata wakavuka mto kuja mjini.

Watu hao wangali katikati yetu. Wako waliopanga chumba kimoja watu kumi, na watoto ambao hawajarudi shuleni. Wengine ni wa kabila ambalo jirani yetu hataki kulisikia likitajwa. Dominika wanaingia kanisani, wanakaa nyuma, na baada ya Misa wanaondoka bila mtu kuwauliza majina. Tukifanya hivyo, kanisa letu lina kuta na paa, lakini hatua zake 30 zimepotea.

Yafaa kila jumuiya ndogo ya Kikristu ijiulize mambo matatu. Kwanza, je, twawajua wakimbizi walio katika mtaa wetu, kwa majina yao na idadi ya watoto wao? Pili, je, sadaka ya kuwasaidia yatoka kwetu wenyewe, au twangoja mfadhili wa mbali? Watoto wa vijiji vya Ufaransa walitoa senti moja, na wengi wao walikuwa maskini. Tatu, na hili ni gumu zaidi: je, tukisaidia, twamwachia mwenzetu heshima yake? Bagamoyo yatuonya. Mtu aliyefunguliwa ataka kuulizwa maoni yake. Basi mkimbizi asipewe unga tu. Apewe pia nafasi katika kwaya, katika baraza la parokia, na katika kufundisha watoto katekisimu, kama anaweza.

Siku moja, labda baada ya miaka mia, wajukuu wetu watasoma vitabu vya ubatizo vya parokia zetu. Watakuta majina ya makabila yote ya mto huu, yakifuatana mstari kwa mstari bila ukuta kati yao. Tuombe wakiyaona majina hayo waweze pia kusema ya kwamba wenye majina hayo walikula pamoja. Bikira Maria, Mama wa Rozari, aliye msimamizi wa kanisa kuu la mji wetu, atuombee.